Mjomba ana nyumba Birmingham, mimi nataka kulala hosteli

Yaya,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapa Lubumbashi, nina miaka 29, sijaolewa. Mwezi wa saba, shule zikishafungwa, nitakwenda Leeds, Uingereza, kwa mafunzo mafupi ya walimu. Viza imeshatoka. Wanaonialika wanalipa ndege, pamoja na malazi ya siku za mafunzo tu. Baada ya hapo nimejiwekea siku kumi za kwangu. Nataka kubeba mkoba mgongoni, nipande treni na basi peke yangu, nione miji ambayo nimeifundisha miaka yote bila kuiona: York, Durham, Liverpool, Oxford, Bath, Canterbury. Nitalala hosteli, kitanda kimoja katika chumba cha watu sita au nane, maana hoteli siiwezi. Pesa ni yangu, nimeipata kwa likelemba, mchango wa zamu wa walimu.

Nilipomwambia mama, alinyamaza siku mbili. Kisha akaniuliza ni mwanamke gani anayelala na watu asiowajua wakati kaka yake mama ana nyumba Birmingham. Mjomba naye akapiga simu, akasema ninamwaibisha. Mama mmoja wa kikundi cha maombi amesema ameona giza mbele ya safari yangu. Mdogo wangu wa kiume anasema pesa hiyo ingemlipia mwaka mzima wa chuo. Kazini wananiambia nitakuwa mtu wa kwanza kwenda Ulaya na kurudi na mkoba wa nguo chafu. Wengine wananinong'oneza nisirudi kabisa.

Rafiki yangu ananishauri niseme nitakaa kwa mjomba siku zote kumi, kisha nipatane na binti wa mjomba anifichie siri. Nifanyeje, Yaya? Je, huu ni ubinafsi?

Mwalimu wa Katuba

*

Mwalimu, mdogo wangu,

Nenda. Naliweka neno hilo mbele kwa sababu barua yako imejaa watu wanaokuvuta nyuma, na nataka usome yanayofuata ukijua nimesimama wapi. Ila shauri la rafiki yako nalikataa, tena nitaanzia hapo kabla ya mengine yote.

Tuseme uko York, mvua imenyesha, umeteleza kwenye ngazi na mguu umevunjika. Uko hospitali, simu imezima. Mama anapiga mara tatu bila kujibiwa, anampigia kaka yake, naye anasema hajakuona. Binti wa mjomba, uliyemtwika mzigo usio wake, analazimika kuchagua kati ya kukufichua na kuendelea kudanganya. Hata akisema kweli, atasema nini? Hajui uko mji gani. Mwanamke anayesafiri peke yake, kinga yake ya kwanza ni watu wanaojua usiku huu amelala wapi. Uongo huo ungekuvua kinga hiyo kabla hujafika uwanja wa ndege wa Luano. Halafu ukirudi salama, utakuwa umeona mambo ambayo huwezi kumsimulia mama yako maisha yako yote. Hiyo ni bei kubwa mno kwa siku kumi.

Sasa mjomba, maana kwa maoni yangu fundo lenyewe liko kwake. Kwa Walamba, Wasanga, Wabemba na wengine wengi wa kusini mwa Katanga, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Mtu huyo yuko Birmingham, anapigiwa simu za misiba na za ada za shule, anatuma anachoweza. Leo mtoto wa dada yake anafika nchini anakoishi na kusema atalipia kitanda kwa watu baki. Wewe umesema "hosteli". Yeye amesikia kwamba nyumba yake haikutoshi. Aibu anaitaja kwa sababu ni neno rahisi kulitamka kuliko "umeniumiza".

Kwa hiyo usibishane naye juu ya hosteli. Mpe nafasi yake. Mafunzo ya Leeds yakiisha, nenda Birmingham kwanza, ulale kwake usiku wa Ijumaa na Jumamosi, uende naye kanisani Jumapili, watu wake wakuone. Usimweke mwishoni. Ukifika kwake siku ya tisa, atadhani umekuja kwa kuwa pesa imekuishia. Na sanduku lako kubwa, lenye nguo za mafunzo na vitabu, liache kwake. Utatembea na mkoba mwepesi, na utamrudia kabla ya ndege kulichukua. Hapo mjomba atakuwa mwenyeji wa safari yote, mtu ambaye safari inaanzia kwake na kuishia kwake. Mpe pia orodha ya miji, jina la kila hosteli na tarehe zake, na umtumie ujumbe kila jioni ukishafika. Mzee aliyepewa kazi hiyo ataitimiza kwa bidii, na mama atatulia kwa kuwa kaka yake anajua.

Kuhusu mwanamke kulala mahali pasipo ndugu, nashangaa kwamba hoja hii inatolewa Lubumbashi. Mji huu umejaa mama wa biashara wanaopanda basi hadi Kasumbalesa, wakavuka, wakashuka Kapiri Mposhi, wakaendelea mpaka Dar es Salaam na kulala gesti za Kariakoo wiki nzima wakitafuta vitenge na viatu. Wengine wanakwenda Dubai, wengine Guangzhou, ambako hawana ndugu wala lugha. Hakuna anayesema wameaibisha ukoo, kwa sababu wanarudi na mabalo. Kinachowasumbua watu wako ni safari isiyo na mzigo. Tumezoea kuondoka kwa sababu ya masomo, ugonjwa, kilio au biashara, na anayeondoka ili kuona tu anaonekana kama mwenye siri. Lakini kuona ni sababu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona huko; maandishi yake yalichapwa miaka michache baadaye katika kitabu *Safari za Wasuaheli*. Adam Shafi wa Zanzibar, katika *Mbali na Nyumbani*, anasimulia alivyokuwa kijana mdogo akitoroka nyumbani kutafuta njia ya kwenda Ulaya kwa nchi kavu. Mtume mama yako kwa hao, si kwangu.

Na wewe ni mwalimu. Watoto wa Katuba wanajifunza kutoka kwako majina ya miji usiyoijua. Hilo peke yake lingetosha.

Sasa hosteli yenyewe. Mama anaogopa kitu ambacho hajakiona, kwa hiyo mwonyeshe. Mwambie wazo hili lilitoka kwa mwalimu. Mwaka 1909 Richard Schirrmann, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alikuwa matembezini na wanafunzi wake wakakamatwa na mvua ya radi, wakalala ndani ya jengo la shule. Usiku huo akawaza kwamba kungekuwa na nyumba za namna hiyo kila mahali, watoto wa mijini wangeweza kutembea nchi yao kwa pesa kidogo. Mwaka 1912 alifungua ya kudumu ndani ya ngome ya Altena. Uingereza walianzisha chama chao, YHA, mwaka 1930, na zamani kila mgeni alipewa kazi ya asubuhi, kufagia au kuosha vyombo, kabla ya kuondoka. Siku hizi humo utakuta vikundi vya wanafunzi, familia zenye watoto, wazee wastaafu wanaopenda kutembea kwa miguu. Wewe umesomea wapi? Kama wasichana wengi wa hapa waliopitia internati ya masista au homu za chuo kule Kassapa, umeshalala vitanda vya ghorofa na watu usiowajua, tena mama yako ndiye aliyekupeleka na ndoo.

Tofauti ipo, na usiifiche. Hosteli nyingi zina vyumba vya mchanganyiko, wanaume na wanawake. Wenyewe hawaoni ajabu, lakini wewe chagua chumba cha wanawake peke yao. Unapoweka nafasi, soma jina la chumba mara mbili, kwa sababu cha mchanganyiko mara nyingi ndicho cha bei ya chini na ndicho kinachotokea juu kwenye orodha. Kisha piga picha ya uthibitisho na umwonyeshe mama sehemu iliyoandikwa wanawake. Na si kila hosteli ni tulivu. Zipo za watu binafsi zenye baa chini na muziki hadi usiku wa manane. York na Liverpool hupokea Ijumaa na Jumamosi makundi ya vijana wanaosherehekea kuaga ukapera, na hao hawalali. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa kwa mjomba wikiendi. Miji hiyo ipange katikati ya juma.

Ukifika mapokezi watakuomba pasipoti na watakuuliza unakwenda wapi baada ya hapo. Usidhani wamekushuku kwa rangi yako. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1972 inawataka wenye hoteli na hosteli waandike namba ya pasipoti na anwani inayofuata ya kila mgeni asiye raia wao wala wa Ireland wala wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Kongo haimo katika Jumuiya hiyo. Mpokezi anaandika, anakupa kadi ya mlango, basi. Mama akisikia kwamba kila usiku jina la mtoto wake limeandikwa kitabuni na mji anaokwenda kesho, nadhani atapumua.

Kufuli beba lako. Chini ya kitanda au ukutani kuna kabati lenye tundu la kufuli, lakini kufuli lenyewe mara nyingi wanauza. Pasipoti na pesa hulala humo, au hulala nawe. Taulo pia beba. Plagi zao zina meno matatu mapana, chaja yako ya hapa haitaingia. Jiko ni la wote: unanunua mkate, mayai na nyanya, unapika, unaosha sufuria yako, unaandika jina na tarehe kwenye mfuko kabla ya kuutia kwenye friji. Jikoni ndiko utakakopata watu wa kuzungumza nao, zaidi ya chumbani ambako kila mtu anataka usingizi. Na mama akitaka kukufungia nyama ya kukaushwa ya mjomba, mzuie kwa upole. Forodha ya Uingereza hairuhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa, watainyang'anya uwanjani na utaanza safari kwa aibu.

Kuhusu pesa, wewe umezoea mji ambao dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa sokoni. Kule dola hazitembei kabisa, na baadhi ya maduka hayataki hata noti, yanataka kadi. Kabla ya kuondoka nenda benki yako uhakikishe kadi inafanya kazi nje. Na kama kuna shangazi anayetaka kukupa pauni alizohifadhi kabatini tangu zamani, zitazame kwanza: noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kukubaliwa madukani baada ya tarehe 30 Septemba 2022. Zinazotumika sasa ni za plastiki.

Nimesoma orodha yako ya miji sita kwa siku kumi, na hapo nakupinga. Utatumia likelemba yako kutazama dirisha la treni. Oxford, Bath na Canterbury ziko upande wa kusini, ziache, na Durham nayo iache. Baada ya Birmingham shika Liverpool, kisha York, kisha Nottingham, kisha urudi kwa mjomba. Tiketi za treni zinazonunuliwa mapema huwa rahisi, ila zile za bei ya chini kabisa zimefungwa kwa treni moja tu, ukiikosa hiyo umepoteza pesa. Basi ni pole pole, na tiketi yake ya bei ya chini nayo inaweza kufungwa kwa basi moja. Mwezi wa saba jua la kaskazini linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo una muda wa kufika kila mji kukiwa bado kweupe. Fanya hiyo kuwa sheria yako. Sweta unayovaa asubuhi za baridi hapa Lubumbashi mwezi huo huo, ibebe, pamoja na koti la mvua.

Liverpool umeiweka kwenye orodha kwa sababu ya bandari na mpira, nadhani. Mimi nakuomba uende kwa sababu ya Kongo. Mwishoni mwa karne ya 19, meli za kampuni ya Elder Dempster ya mji huo ndizo zilizobeba bidhaa kati ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold. Karani mmoja wa kampuni hiyo, Edmund Dene Morel, alitumwa mara kwa mara Antwerp kusimamia hesabu. Akaona meli zinaingia zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zinarudi Kongo zikiwa na bunduki, risasi na maofisa, karibu bila bidhaa ya kumlipa mtu. Akauliza swali ambalo kila mfanyabiashara wa soko letu angeliuliza: kama hakuna kinachokwenda kulipa, huyo anayevuna mpira analipwa nini? Jibu lilikuwa kwamba analipwa viboko na kukatwa mikono. Morel aliacha kazi mwaka 1901, na Machi 1904, akiungwa mkono na konsuli Roger Casement, alianzisha hapo hapo Liverpool chama cha kutetea watu wa Kongo. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ikapewa serikali ya Ubelgiji, ambayo ilileta mateso yake mengine, na miaka miwili baadaye mji wetu ukaanza kujengwa.

Mkubwa wa kampuni hiyo, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa dola ya Leopold mjini Liverpool. Mnara wa kumheshimu unasimama mpaka leo Pier Head, mbele ya mto Mersey. Nenda ukausome. Mtu anayekutembeza kwa gari atakupeleka madukani kwa sababu anakupenda na anataka urudi na kitu. Ukiwa peke yako unaweza kusimama pale saa nzima, ukaangalia maji ya mji ambao meli zake zilibeba mizigo yetu, na hakuna atakayekuharakisha. Ukirudi darasani, utakuwa na somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Kiingereza ulichopewa.

York nitaipita haraka: panda juu ya kuta za mji wa kale, kutembea ni bure, na makumbusho ya reli nayo hayana kiingilio. Kwa mtoto wa mji ulioletwa na reli, hayo yatakushika nusu siku.

Nottingham naiongeza kwa sababu ya nyumba iliyo nje kidogo ya mji, Newstead Abbey. Mpelelezi David Livingstone alipofariki Chitambo mwaka 1873, upande wa pili wa mpaka wetu katika Zambia ya leo, Abdullah Susi na James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mwaka uliofuata Susi na Chuma walialikwa Uingereza, wakakaa Newstead, wakawaeleza wenyeji siku za mwisho za mzee huyo. Susi na Chuma walikisema Kiswahili hiki tunachoandikiana. Uliza kwanza siku ambazo nyumba hufunguliwa, kisha upande basi.

Yule mama wa maombi, usimbishie. Mpelekee mama yako majina ya miji yote, umwombe kikundi kiombee kila mji kwa siku yake. Sala ya mtu anayejua uko wapi ni nzuri kuliko hofu ya mtu asiyejua.

Mdogo wako wa kiume ana haki moja tu: ile uliyomwahidi. Kama uliahidi kumlipia sehemu ya mwaka, mlipe kabla ya kununua tiketi hata moja ya treni, na kama salio litakubana, punguza siku zako ziwe saba. Kama hukuahidi, basi likelemba ni jasho lako, na kuitumia kwa macho yako mwenyewe mara moja katika miaka 29 kwangu si ubinafsi. Na wanaokunong'oneza usirudi, waambie viza yako ni ya mgeni, na kwamba mwalimu mwingine wa Lubumbashi atakayeomba mwakani atapimwa kwa ulichofanya wewe.

Nina ombi jingine. Kabla ya mwezi wa saba, jaribu siku tatu peke yako karibu na nyumbani. Vuka Kasumbalesa na kadi yako ya njano ya chanjo, ufike Ndola, au ukiweza kuongeza siku mpaka mji wa Livingstone penye maporomoko, ambako kuna nyumba za wasafiri zenye vitanda vya aina hiyo hiyo. Utajua kama usingizi unakujia chumbani mwa wageni, kama mkoba wako ni mzito, na upweke wa jioni unaubeba vipi, maana utakuja, hasa saa ya kula. Mama naye atakuwa ameshakuona ukienda na kurudi. Na bima ya safari ikate mapema: kutibiwa chumba cha dharura kule ni bure, lakini ukilazwa mgeni hulipishwa, na gharama ni kubwa.

Usianze na mama tena. Anza na mjomba, Jumapili hii, kwa sauti na si kwa ujumbe wa WhatsApp. Birmingham wako nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto, hivyo mpigie alasiri akiwa ametoka kanisani na ameshakula. Mwombe msamaha kwa kumfanya asikie habari kwa mtu mwingine, mwulize kama sanduku lako linaweza kukaa kwake, kisha msomee miji na tarehe, pole pole, aandike.

Yaya wako